Elektroni Isiyo na Atomu: Mmumunyo wa Buluu, Mkoa wa Songwe na Suala la Istilahi za Kemia

Utangulizi

Katika historia ya sayansi yapo mambo yaliyoonekana kwa macho miaka mingi kabla ya kupewa jina. Mojawapo ni rangi ya buluu inayojitokeza pale metali kama sodiamu au potasiamu inapotiwa katika amonia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Rangi hiyo ilionekana London katika mwongo wa kwanza wa karne ya 19. Maelezo ya kitu kinachoisababisha yalipatikana Marekani katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Baina ya kuona na kueleza ilipita miaka mia moja, na katika miaka hiyo wanakemia walibishana kuhusu maneno kwa kiasi kile kile walichobishana kuhusu vipimo.

Mhadhara huu unaifuatilia historia hiyo kwa macho ya taaluma za Kiswahili. Unaiegemeza katika mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, kwa kuwa huko vinapatikana vitu vitatu ambavyo bila hivyo jambo lenyewe halieleweki vizuri: chumvi, metali iliyo wazi mbele ya macho ya watu, na gesi ya heliamu. Aidha, unalenga kuonyesha kwamba historia ya wazo inaweza kuwa mwongozo wa kuunda istilahi. Lugha inayolipokea wazo baada ya wengine kulihangaikia haina sababu ya kuyarudia makosa yao. Inaweza kuchagua neno linaloanzia pale ambapo uelewa wao uliishia.

Chumvi ya Ivuna na chuma cha Mbozi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yakawekwa Vwawa. Mji wake unaofahamika zaidi ni Tunduma, uliopo mpakani ukitazamana na Nakonde ya Zambia, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA hupita kuelekea kusini. Kaskazini ya Tunduma ardhi huteremka hadi katika bonde la Ziwa Rukwa, wilayani Momba. Huko iko Ivuna, mahali palipo na chemchemi za maji ya moto na ya chumvi. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa katika miaka ya 1960 ulidhihirisha kwamba watu walitengeneza chumvi mahali hapo karne kadhaa kabla ya ukoloni. Ufundi wa namna hiyo ni wa kuchuja na kuchemsha: udongo wenye chumvi huchujwa kwa maji, na maji hayo hukaushwa chomboni juu ya moto mpaka chumvi ibaki.

Sehemu kubwa ya chumvi ya kula, popote inapotengenezwa, ni kloridi ya sodiamu. Ndani yake atomu ya sodiamu imeshampa klorini elektroni yake moja ya nje, na klorini haiiachii. Chumvi inapotiwa majini, ioni za sodiamu na ioni za kloridi hutawanyika, lakini elektroni ile hubaki kwa mwenyeji wake mpya. Kwa hiyo fundi wa chumvi wa Ivuna aliyetia udongo majini, akauchuja na kuchemsha maji yake, alishughulika na sodiamu maisha yake yote bila kuiona hata siku moja ikiwa metali. Sodiamu aliyoijua ilikuwa imekwisha kupoteza elektroni.

Mfano wa hali ya pili uko wilayani Mbozi, mahali paitwapo Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Hapo kipo Kimondo cha Mbozi, bonge la metali lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikifahamu tangu zamani. Watu wa nje walikifahamu mwaka 1930 pale mpimaji ardhi William Nott alipokifikia. Karibu asilimia 90 ya kimondo hicho ni chuma, na kiasi kikubwa cha sehemu iliyobaki ni nikeli. Katika metali kama hiyo elektroni za nje hazimilikiwi na atomu moja moja. Zinatembea katika bonge zima, na mwendo huo ndio unaoifanya metali ing'ae na kupitisha umeme.

Basi, kwa mujibu wa mifano hiyo miwili, elektroni ina makazi ya aina mbili: ama imeshikwa na atomu, kama ilivyo katika chumvi, ama inamilikiwa kwa ushirika na atomu nyingi, kama ilivyo katika chuma. Swali lililowasumbua wanakemia wa karne ya 19, ingawa hawakujua kwamba hilo ndilo swali lenyewe, ni hili: je, elektroni inaweza kuiacha metali bila kupokewa na atomu nyingine yoyote, nayo ikaendelea kuwapo?

Rangi iliyokosa jina, 1807 hadi 1897

Humphry Davy aliitenga potasiamu na sodiamu kwa nguvu ya umeme mjini London mwezi Oktoba 1807. Muda si mrefu baadaye aliipasha moto potasiamu ndani ya gesi kavu ya amonia, akaandika katika daftari lake la maabara kuhusu rangi nzuri ya buluu aliyoiona. Hakuichapisha habari hiyo. Ilibaki daftarini, na wanahistoria wa kemia waliitambua thamani yake katika karne ya 20. Davy hakuweza kuieleza rangi ile, kwani wakati huo hapakuwa na mtu aliyefahamu kwamba ndani ya atomu kuna chembe ndogo kuliko atomu.

Mwaka 1864 Mjerumani W. Weyl alizitia sodiamu na potasiamu katika amonia iliyo kimiminika, akapata vimiminika vya rangi ya buluu. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Hata baridi ya Tunduma ya mwezi Juni haitoshi kuizuia isiwe gesi. Kwa hiyo kazi hiyo ilihitaji vyombo madhubuti vya kugandamiza na kupoza. Weyl alifasiri alichokiona kwa dhana alizokuwa nazo. Aliamini kwamba metali na amonia zimeungana kuwa dutu mpya, naye akaipa dutu hiyo jina lililounganisha metali na amoniamu.

Jina hilo lilikuwa na athari kubwa. Mara dutu ya kudhaniwa ilipopewa jina, ikawa rahisi kuamini kwamba ipo. Mwaka 1871 Mmarekani Charles Seely alipinga. Alionyesha kwamba amonia ikiachwa ivukizwe, metali hubaki vile vile ilivyokuwa, kama chumvi inavyobaki chomboni maji yanapokauka. Kwa maoni yake, metali ilikuwa imemumunyika tu wala haikuungana na kitu. Hoja ya Seely ilikuwa karibu zaidi na ukweli, lakini nayo ilikuwa na pengo. Chumvi ya kawaida ikimumunyika haibadilishi rangi ya maji, na sukari haiyafanyi maji yapitishe umeme. Kwa nini basi metali zilizo tofauti, yaani sodiamu, potasiamu, litiamu, hata kalsiamu, zote zilitoa rangi ile ile moja ya buluu? Iwapo rangi ingekuwa ya metali, ingetofautiana kwa kadiri metali zinavyotofautiana. Iwapo ingekuwa ya amonia, amonia tupu isingekuwa angavu kama maji. Ushahidi ulielekeza kidole kwenye kitu cha tatu ambacho metali zote hizo zilikuwa nacho, na ambacho bado hakikuwa na jina.

Kansas na jina la kitu cha tatu

Mwaka 1897 yalitokea mambo mawili katika nchi mbili. Nchini Uingereza, J. J. Thomson alionyesha kuwapo kwa chembe yenye chaji hasi iliyo nyepesi mno kuliko atomu yoyote, ile ambayo leo inaitwa elektroni. Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Kansas, Hamilton P. Cady alichapisha matokeo ya vipimo vya umeme katika mimumunyo ya amonia. Cady alikuwa kijana aliyefanya kazi karibu na mwalimu wake Edward Franklin. Aligundua kwamba mmumunyo wa sodiamu katika amonia hupitisha umeme vizuri sana, na kwamba haufanyi kama mmumunyo wa chumvi, ambao huacha dutu kwenye ncha za waya. Ulipitisha umeme kwa namna inayokaribiana na ya metali.

Mwanafunzi mwingine wa Kansas, Charles A. Kraus, ndiye aliyeziunganisha habari hizo mbili. Katika mfululizo wa makala alizozichapisha kuanzia mwaka 1907, Kraus alichanganua ni kitu gani kinachobeba mkondo wa umeme katika mmumunyo wa buluu. Upande wa chaji chanya jibu lilikuwa rahisi: ni ioni za metali, zile zile zinazopatikana katika chumvi. Upande wa chaji hasi alikuta kibebaji kimoja kilicho sawa kwa metali zote, chenye mwendo wa kasi kuliko ioni. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kibebaji hicho ni elektroni yenyewe, iliyozungukwa na molekuli za amonia. Mwaka 1908 wazo hilo lilikuwa limekwisha kuwekwa bayana. Miaka michache baadaye, George Gibson na William Argo, waliokuwa Chuo Kikuu cha California, walipima mwanga unaofyonzwa na mimumunyo hiyo, na katika makala yao ya mwaka 1918 wakathibitisha kwamba rangi ni ya elektroni hiyo iliyozungukwa, wala si ya metali.

Inafaa kuangalia kilichobadilika. Weyl, Seely na Kraus walitazama kimiminika kile kile. Weyl alisema ni muungano, Seely akasema ni mmumunyo wa metali, Kraus akasema ni mmumunyo wa elektroni. Kila jina lilifungua maswali fulani na kuyafunga mengine. Jina la Weyl lilimtuma mtafiti kutafuta dutu isiyokuwapo. Jina la Kraus lilimtuma kupima ukubwa, mwendo na makazi ya chembe iliyopo.

Tabia za elektroni ndani ya amonia

Utafiti uliofuata katika karne ya 20 uliyachora makazi hayo kwa undani. Molekuli ya amonia ina atomu moja ya nitrojeni na tatu za haidrojeni, na upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Elektroni inapoingia katikati ya molekuli hizo, molekuli za jirani huzielekeza haidrojeni zake kwayo, na kati yake huachwa uwazi mdogo ambamo elektroni hukaa. Nusu kipenyo cha uwazi huo ni takriban nanomita 0.3. Kwa kuwa kila elektroni hujipatia nafasi kwa kuzisukuma molekuli, mmumunyo huvimba: ujazo wake unazidi jumla ya ujazo wa metali na wa amonia vilivyotumika. Mmumunyo wa litiamu uliokolea kabisa una uzito wa karibu nusu tu ya uzito wa maji ya ujazo huo huo.

Rangi nayo ina maelezo. Elektroni iliyomo ndani ya uwazi hufyonza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1500, ambao jicho la binadamu haliuoni. Hata hivyo, ukingo wa ufyonzaji huo unafika katika sehemu nyekundu ya mwanga unaoonekana. Nyekundu ikiondolewa, kinachobaki machoni ni buluu. Ndiyo maana metali zote huleta rangi moja, kwa kuwa kinachoonekana ni elektroni, na elektroni ya sodiamu haina tofauti na ya potasiamu.

Metali ikiongezwa, mambo hugeuka. Katika kiwango kilicho kati ya takriban asilimia 1 na asilimia 8 kwa hesabu ya chembe, mmumunyo huacha kuwa buluu na kupata mng'ao wa shaba unaokaribia wa dhahabu. Elektroni zimekuwa nyingi kiasi kwamba kila moja haiwezi tena kuwa na uwazi wake peke yake. Zinaanza kumiliki kimiminika kwa ushirika, kama zinavyofanya ndani ya chuma cha Mbozi. Mmumunyo wa litiamu uliokolea hupitisha umeme kuliko zebaki. Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na Pavel Jungwirth wa Prague walichapisha vipimo vilivyofuatilia mageuko hayo hatua kwa hatua, nao wakaonyesha kwamba hakuna mpaka mkali baina ya hali hizo mbili. Mmumunyo huvuka polepole kutoka kimiminika chenye elektroni moja moja hadi metali iliyo kimiminika.

Elektroni hiyo haidumu milele. Polepole hushambuliana na amonia yenyewe, haidrojeni ikatoka na rangi ikafifia. Chembe ndogo ya chuma au kutu iliyomo chomboni huharakisha kufifia huko, na kwa sababu hiyo usafi wa vyombo ulikuwa sharti la kazi yote ya Cady na Kraus.

Haya si mambo ya maabara pekee. Mwaka 1944 Arthur Birch, akiwa Oxford, alitumia sodiamu katika amonia, pamoja na alkoholi, kuzibadili molekuli za mviringo ambazo njia nyingine hazikuziweza. Njia hiyo ndiyo iliyowawezesha wanakemia kutengeneza norethisterone mwaka 1951, mojawapo ya homoni za awali zilizotumika katika vidonge vya uzazi wa mpango. Mwaka 1962 Edwin Hart na Jack Boag waligundua kwamba mionzi inapopita katika maji huzaa elektroni kama hiyo, safari hii ikizungukwa na molekuli za maji na kuishi kwa muda mfupi mno. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji, jambo hilo limo katika kila tiba ya mionzi, ikiwamo ile inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam.

Heliamu ya Rukwa: kimiminika kinachosukuma

Historia hii ina tawi linalorudi moja kwa moja Songwe. Mwaka 1903 kisima cha gesi kilichimbwa katika mji mdogo wa Dexter, jimbo la Kansas. Wananchi walikusanyika kushuhudia gesi ikiwashwa, lakini haikushika moto. Sampuli zilipelekwa Chuo Kikuu cha Kansas, na mwezi Desemba 1905 Cady yule yule wa mimumunyo ya amonia, pamoja na David McFarland, walikuta ndani yake heliamu. Kabla ya hapo heliamu ilihesabiwa kuwa gesi adimu mno duniani. Ugunduzi wa Kansas ulidhihirisha kwamba inaweza kuchimbwa ardhini ikiwa imechanganyika na nitrojeni.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Dalili zilikuwa katika gesi zinazotoka kwenye chemchemi za bonde hilo, gesi ambazo kwa sehemu kubwa ni nitrojeni. Miaka iliyofuata visima vya utafutaji vilichimbwa, vikiwamo vya wilayani Momba. Kwa namna hiyo, ardhi iliyowapa watu wa Ivuna chumvi ilitambuliwa kuwa ina pia gesi ambayo Cady aliikuta Kansas.

Kwa mada hii, umuhimu wa heliamu uko katika mlinganisho. Heliamu nayo ikipozwa karibu na nyuzi 269 chini ya sifuri huwa kimiminika, na elektroni inaweza kutiwa humo. Lakini atomu za heliamu hazina upande wa chaji chanya wa kuielekezea elektroni. Elektroni huzisukuma, nayo hujitengenezea kiputo chenye nusu kipenyo cha karibu nanomita 2, kikubwa mara kadhaa kuliko uwazi wa amonia. Katika vimiminika vyote viwili elektroni haina atomu. Tofauti ni kwamba amonia huikumbatia, ilhali heliamu huiepuka. Istilahi nzuri haina budi kuionyesha tofauti hiyo, au angalau isiifiche.

Suala la istilahi

Kiswahili hakianzi mikono mitupu katika uwanja huu. Majina ya metali za kale yalikuja kwa njia ya kazi na biashara: chuma ni neno la Kibantu, na katika nyanda za Mbozi Wanyiha walikuwa wahunzi; risasi na zebaki yaliingia kutoka Kiarabu. Sodiamu, iliyotengwa mwaka 1807, haikuwa na bandari wala mhunzi wa kuileta. Iliingia kwa njia ya shule, ikiwa na sauti ya Kilatini iliyotoholewa. Kazi ya kuzipanga istilahi za namna hiyo ilifanywa kwa juhudi kubwa na BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 1990 ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hiyo ilikwenda sambamba na matumaini ya Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, ambayo mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa, na kemia ya sekondari iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake, maneno mengi yalibaki kamusini bila kupata darasa la kuyatumia.

Kwa elektroni ya mmumunyo wa buluu, njia nne zinaweza kupimwa.

Njia ya kwanza ni kutohoa istilahi nzima. Ina faida ya kufanana na lugha nyingine, lakini haimwelezi mwanafunzi chochote. Neno elektroni peke yake limekwisha kukubalika. Kinachotakiwa ni neno la kueleza hali yake, na hali huelezwa vizuri zaidi kwa kitenzi ambacho msikilizaji anakijua.

Njia ya pili ni kusema elektroni iliyoyeyuka. Hapa pana hatari. Katika Kiswahili cha kila siku barafu huyeyuka, mafuta ya mgando huyeyuka, na sukari nayo huyeyuka katika chai. Kitenzi kimoja kinabeba kugeuka kimiminika kwa joto na kutawanyika ndani ya kimiminika. Sodiamu huyeyuka kwa joto kwenye nyuzi 98. Katika amonia hutoweka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Mwanafunzi akitumia neno moja kwa matukio hayo mawili, atakuwa amelificha lile lililowachukua wanakemia karne nzima kulitenganisha.

Njia ya tatu ni elektroni mmumunyo. Familia ya maneno inayotokana na mumunya imekwisha kuwapa wanasayansi mmumunyo, kimumunyishi na umumunyifu, nayo inaepuka utata wa kuyeyuka. Kitenzi chenyewe humkumbusha mtu kitu kinachopungua kidogo kidogo kinywani. Istilahi hii ni sahihi kama jina la jumla. Kasoro yake ni kwamba inaishia kwa Seely: inasema kitu kimeingia katika kimiminika, haisemi kimiminika kimekifanyia nini.

Njia ya nne ni elektroni fumbatwa. Kufumbata ni kukifunga kitu ndani ya kiganja, vidole vikikizunguka pande zote, na hivyo ndivyo molekuli za amonia zinavyofanya kwa haidrojeni zake. Muundo wa istilahi si mgeni. Wanafasihi wamezoea kusema fasihi pendwa, ambapo shina la kitenzi katika kauli ya kutendwa linafanya kazi ya kivumishi. Kauli hiyo ya kutendwa ina faida nyingine, kwamba inadai mtenda. Anayesikia elektroni fumbatwa atauliza imefumbatwa na nini, na jibu litabadilika: na amonia, kama kwa Kraus, au na maji, kama kwa Hart na Boag. Kwa heliamu neno hilo halifai, na kutofaa kwake ni sifa, kwani huko inahitajika istilahi tofauti, mathalani elektroni ya kiputo. Aidha, hali ya mmumunyo uliokolea, ambapo elektroni zinamilikiwa kwa ushirika, itabaki na maelezo ya metali, wala haitachanganywa na hali ya elektroni moja moja.

Yako mapingamizi yanayostahili kusikilizwa. Inaweza kudaiwa kwamba istilahi yenye picha ndani yake inaweza kupotosha picha hiyo ikisahihishwa na utafiti mpya. Ni kweli kwamba elektroni haijafungwa kabisa ndani ya uwazi wake. Sehemu yake husambaa kwenye molekuli zinazoizunguka. Lakini hata kiganja kinachofumbata kitu hukigusa, na picha hiyo inavumilia marekebisho kuliko neno lisilokuwa na picha. Pingamizi la pili ni kwamba istilahi moja haibadilishi lugha ya kufundishia. Hilo nalo ni kweli. Hata hivyo, mwalimu wa Tunduma anayefundisha kwa Kiingereza hufafanua kwa Kiswahili pale darasa linapokwama, na katika ufafanuzi huo ndipo neno baya hudhuru na neno zuri huokoa.

Hitimisho

Historia ya mmumunyo wa buluu inafunza kwamba jina si kibandiko kinachobandikwa baada ya kazi kwisha. Weyl alipotoshwa na jina alilolitunga mwenyewe, na Kraus alifanikiwa kwa sababu alikubali kukitaja kitu ambacho watangulizi wake hawakudhani kinaweza kuwapo peke yake. Kiswahili kimelipokea jambo hili likiwa limekwisha kuchambuliwa. Wajibu uliobaki ni wa wanaistilahi na walimu wa kemia kukaa pamoja, neno kwa neno, na kuuliza kila neno linamtuma mwanafunzi kwenda kutafuta nini.

Mwanafunzi wa Songwe ana chumvi ya Ivuna, ambamo elektroni imeshikwa. Ana kimondo cha Ndolezi, ambamo elektroni ni mali ya wote. Na ana chemchemi za Rukwa zinazotoa gesi ambayo, ikipozwa vya kutosha, huisukuma elektroni mbali nayo. Hali ya nne, ya elektroni iliyofumbatwa na amonia, haionekani mkoani mwake bila maabara. Hiyo ndiyo inayohitaji neno lililo wazi kuliko zote, kwa kuwa ataifikia kwanza kwa neno kabla hajaifikia kwa jicho.